Kazi ya Mlangoni: Niliyojifunza Nikijitolea Afya Kyela

Nilichaguliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa sababu mbili ambazo hazikuhusu afya hata kidogo: nilikuwa na baiskeli, na mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti alisema zahanati inataka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, awe mkazi, awe na heshima, ajue kusoma na kuandika. Watu wakanyoosha mikono. Mume wangu naye alinyoosha. Nadhani alifikiri kuna mshahara.

Mshahara haukuwepo. Ilikuwepo semina Kyela mjini, fulana, mkoba, daftari, na cheo kirefu cha mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambacho wenye haraka wanakifupisha WAJA. Kijijini wananiita daktari, hata nikikataa. Watoto wadogo wakiuona ule mkoba wanakimbia wakiamini nimebeba sindano, na mama zao wanawatishia nayo wakigoma kula: "Namwita daktari akuchome." Sindano sijawahi kuishika.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaochaguliwa sasa. Januari 2024 serikali ilizindua pale Dodoma mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na lengo lake ni kufikisha wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Mafunzo yao ni marefu kuliko yetu, na kuna posho. Nafurahi, na wivu kidogo ninao, sitaficha. Lakini kuna wimbo mmoja nimeusikia katika kila semina niliyokaa, na naamini na wao wataimbiwa: kwamba watu hawaji kwenye huduma kwa sababu jamii haina elimu. Mimi nimesimama kwenye milango mingi, na mara chache sana nimekuta tatizo ni elimu. Nimekuta nauli. Nimekuta shamba. Nimekuta mume yuko mbali na simu yake haipatikani, na nimekuta mtu anayeogopa kufokewa. Ukianza na mahubiri kabla hujajua ni lipi kati ya hayo, utamaliza maneno yako na mtu atakuitikia vizuri kabisa, "Ndaga, daktari," yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha hatakuja.

Chukua chandarua. Kyela ni bonde, mito inashuka kutoka Rungwe, mpunga unakaa kwenye maji, na mvua ikianza mbu hawana mahali pa kukosa. Mjamzito anapewa chandarua chenye dawa akianza kliniki, na mtoto anapewa akichanjwa surua akiwa na miezi tisa. Basi mabwana wa semina walituonyesha picha za vyandarua vimezungushiwa bustani za mchicha na vingine vimeanikiwa usipa kule ziwani, ukumbi ukacheka na kutikisa vichwa. Nyumbani niliporudi nikaanza kuuliza, "Mnalala kwenye chandarua?" Kila mtu alinijibu ndiyo. Swali lenyewe lilikuwa bovu. Nikaacha kuuliza, nikawa naomba nionyeshwe watoto wanakolala. Ndipo nilipojua kwamba chandarua cha kwenye mchicha aghalabu ni kile cha zamani, kimeshatoboka na dawa imekwisha, na kipya kiko ndani. Ila ndani kiko juu ya kitanda cha baba na mama. Watoto watano wanalala chumba cha pili kwenye mkeka, na chumba hicho ukutani hakina hata msumari wa kufungia kamba. Siku hizi kwenye mkoba nabeba misumari na kamba za katani. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote.

Suala lililonikalia moyoni zaidi ni la kliniki ya wajawazito.

Siku hizi mjamzito anatakiwa awe na mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12. Anapimwa wingi wa damu, presha, kaswende, virusi vya ukimwi. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, na akiingia mwezi wa nne anaanza SP ya kuzuia malaria, dozi baada ya dozi, kila moja ikiachana na nyingine mwezi mmoja au zaidi. Anayeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita ameshakosa dozi ambazo huwezi kumrudishia. Daftari langu lilikuwa limejaa wanawake wa namna hiyo. Kila mkutano wa mwezi zahanati naulizwa: kwa nini wa kwako wanachelewa? Waelimishe.

Nikawa naenda kuwaelimisha. Wakawa wananisikiliza, wananipa kiti, wananipa na ndizi za kuchoma. Mpaka siku moja dada mmoja, mimba yake ya pili, alinikatiza katikati. Akasema, "Shangazi, hayo yote nayajua. Tatizo ni barua."

Barua yenyewe iko hivi. Mwongozo unahimiza mama aje na mwenza wake hudhurio la kwanza ili wapime wote wawili, na sababu yake ni nzuri: ukimtibu mmoja wa kaswende ukamwacha mwingine, hujatibu kitu. Kinachotokea kwenye benchi ni kingine. Mwanamke akifika peke yake anaambiwa, "Nenda ukamlete mwenzako." Kama mwenzake amekwenda kuchimba dhahabu Chunya, au ameikataa mimba, au ana mke mwingine ambaye hajui habari hizi, anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji inayothibitisha kwamba hana mume. Hebu fikiria. Binti wa miaka kumi na tisa aende kwa mzee anayelingana na baba yake, aketi barazani mbele ya wake wa yule mzee, aeleze kwamba ana mimba na mwenye mimba hajulikani aliko. Kisha atoe elfu moja ya karatasi na muhuri. Wengine wanaona bora wasubiri tumbo likue mpaka lisiweze kurudishwa. Na kweli, likishakuwa kubwa hawarudishwi.

Hapo elimu ingefanya nini? Yule dada alijua umuhimu wa kliniki kuliko mimi.

Nilichofanya ni kidogo. Nilianza kuwasindikiza. Ninapoingia na mtu nimevaa fulana ile, nesi ananiuliza mimi badala ya kumuuliza yeye, nami najibu, "Mwenzake yuko safarini, namfahamu, mwandikie." Mara nyingi inatosha. Hakuna mahali nimeona imeandikwa kwamba asiye na mwenza arudishwe. Ni desturi tu iliyoota, na desturi hainyooki kwa kusomewa mwongozo, inahitaji mtu asimame pale dirishani. Ubaya wake ni kwamba siku nisipokuwepo, benchi linabaki lilelile.

Nisimlaumu nesi peke yake. Kwenye zahanati za vijijini muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye mpima uzito, mchanjaji, mzalishaji, mtoa dawa, na jioni ndiye wa kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, kila huduma na kitabu chake, mwisho wa mwezi ripoti. Nimewahi kumkuta nesi anakula chakula cha mchana saa kumi na mbili jioni huku akihamisha namba kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. Mtu wa hivyo anafoka. Naye mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni anafokewa kwa sababu kadi imeloa mvua, na hasahau. Anaenda kuwasimulia wenzake kisimani. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili wananilaumu mimi.

Sasa niseme ya matone, maana ndipo haya yote yalipojikusanya mahali pamoja.

Februari 2022 Malawi walitangaza mgonjwa wa polio, mtoto mdogo wa Lilongwe, virusi vya asili kabisa, wakati Afrika ilikuwa imethibitishwa tangu Agosti 2020 kwamba virusi hivyo havipo tena. Kwetu Malawi si nchi ya kwenye ramani. Ni ng'ambo ya mto Songwe. Watu wana mashamba huku na mashemeji kule, na siku za soko mitumbwi inavuka tangu alfajiri. Machi kampeni ikaanza mikoa inayopakana nao, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, kisha Mei ikawa nchi nzima. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano, hata kama amemaliza chanjo zote, matone mawili mdomoni, nyumba kwa nyumba.

Timu yetu ilikuwa na mchanjaji kutoka zahanati, mwandishi, na mimi wa kubisha hodi. Tulibeba kisanduku cha baridi chenye barafu, chaki ya kuandika mlangoni, na kalamu ya wino wa kupaka kidole kidogo cha mtoto aliyekwishapata. Kila kichupa cha chanjo kina alama, duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukikolea ukalingana na duara, kichupa hicho unakitupa. Sikujua kwamba alama hiyo ndiyo itakuja kunisaidia kuliko maneno yangu yote.

Uvumi ulitutangulia. Mwaka uliotangulia, kuanzia Julai, kulikuwa na chanjo ya Uviko, na wengi kwetu waliikwepa. Kwa hiyo tulipofika na kisanduku, mzee mmoja, baba wa watoto watatu wadogo kwa mke mdogo, alisimama mlangoni akasema, "Sisi wakubwa tuliwashinda. Sasa mmeigeuza matone mje kwa watoto." Mchanjaji akaanza kueleza habari za virusi. Mzee akamtazama tu. Mimi nikamuuliza, "Baba, unataka kuona nini ndipo uridhike?" Akasema anataka kuisoma chupa. Tukampa kichupa. Akaenda nacho kwenye mwanga, akakigeuza, akaita kijana wake wa sekondari aje asome maandishi. Akauliza ule mraba ni wa nini. Mchanjaji akamweleza. Akauliza tena, sasa kwa ukali wa mnunuzi, kama tuna hakika barafu yetu bado haijayeyuka. Akafungua kisanduku mwenyewe akashika. Kisha akawaita watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao yote mawili. Jirani zake waliokuwa wanachungulia uani wakaleta wa kwao kabla hatujafika.

Wasaidizi wetu wakubwa walikuwa mabibi. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alikuwa mwaka 1996, kwa hiyo mama wa miaka ishirini na mitano hajawahi kuuona ugonjwa huu. Kwake ni neno la kwenye bango. Bibi yake anaukumbuka. Anaweza kukutajia nani alipooza mguu, alikuwa wa ukoo gani, alitambaa mpaka umri gani. Unaweza kumweleza mtu kwamba kati ya watoto kama mia mbili wanaoambukizwa ni mmoja tu anayepooza na wengine wanautawanya bila kuonyesha dalili yoyote, akabaki anahesabu kwamba mmoja kwa mia mbili ni bahati nzuri. Bibi akisema "mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko," hesabu inakwisha. Tangu hapo, nikiingia kitongoji, kwanza namtafuta bibi mwenye sauti. Balozi namwona wa pili.

Halafu ile milango iliyofungwa. Kwenye karatasi yetu nyumba zisizofikiwa zilikuwa nyingi kuliko zilizokataa, lakini jioni kwenye kikao watu walizungumzia waliokataa tu, maana hao wana hadithi. Mei mpunga umeiva. Ndege wanashuka kwenye mashamba tangu kunapopambazuka, na kazi ya kuamia ndege ni ya watoto. Wakubwa wanapiga makopo na kurusha udongo, wadogo wanafuatana nao kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki nao. Sisi tulikuwa tunakusanyika zahanati saa mbili, tunasaini, tunagawana barafu, tunaanza nyumba ya kwanza saa tatu na nusu. Saa hiyo kijijini wamebaki mbuzi. Tungeandika "hawapo" mpaka kampeni iishe.

Nilimwomba msimamizi tuchukue barafu usiku, tuanzie mashambani. Alikuwa na wasiwasi na fomu, kwa sababu fomu inahesabu kwa kaya, na shambani hakuna kaya. Mwisho akakubali tuandike jina la baba wa mtoto kisha tuoanishe jioni. Tukaenda kwenye matuta, tope hadi magotini, tukawakuta watoto juu ya vichanja vyao. Hakuna aliyekataa. Mama mmoja aliniuliza kwa nini hatujawahi kuja huku na kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu waliko, maana yeye mwezi wa tano na wa sita mtoto wake hapimwi uzito kabisa. Nililipeleka swali hilo kwenye mkutano, likaandikwa. Kuandikwa ni hatua.

Kivukoni kulitokea ubishi mdogo. Akina mama wawili walishuka kwenye mtumbwi na watoto, wametoka ng'ambo kuja kuuza. Mwandishi akasita, hawa tuwahesabu wapi? Mchanjaji wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Akatazama kidole cha mtoto, hakina wino, akamdondoshea.

Na kulikuwa na nyumba moja ambayo watoto walifichwa chini ya kitanda, niliwasikia wakikohoa. Mama aliapa hana watoto wadogo. Nilirudi jioni peke yangu bila fulana. Alichokuwa anaogopa si matone. Kadi ya kliniki ya mdogo ilikuwa imesombwa na mafuriko ya Aprili, na aliamini tukimkuta bila kadi atapelekwa zahanati akafokewe, au atozwe. Kampeni haikuhitaji kadi kabisa. Hakuna aliyemwambia, na mimi kwenye matangazo yetu ya spika sikuwahi kusikia maneno hayo, "hata kama huna kadi." Mwaka uliofuata nilihakikisha yanatangazwa, ya kwanza kabisa, kabla ya salamu za mkurugenzi.

Kuhusu posho nisiseme mengi. Siku za kampeni inakuwepo, mara nyingi inachelewa. Miezi mingine hakuna kitu, na majirani wanaamini napokea fungu kwa kuwahesabia watoto wao. Nimegombana na mume wangu kuhusu jambo hili kuliko jambo lingine lolote, hasa msimu wa palizi. Nimeona wenzangu wengi wakiacha, na siwalaumu, mtu hawezi kupalilia shamba la jirani miaka yote huku lake likiota majani. Kama posho ya mpango mpya itafika kila mwezi, watabaki. Kati yetu sisi wa darasa la saba tulikuwa na swali moja pale tuliposikia vigezo vya elimu: je, tutakaa wapi? Mimi nimeambiwa niendelee na daftari langu hadi watakapokuja wapya. Naendelea.

Barua imebaki. Zahanati ina kamati yenye wajumbe kutoka vijijini, na safari hii mmoja wa wajumbe ni yule dada aliyenikatiza. Kikao cha mwisho alilileta jambo lake wazi, mbele ya mganga mfawidhi na mbele ya wenyeviti wa vitongoji. Mganga alisema yeye hajawahi kuagiza barua, ila alijua zinaletwa. Wakakubaliana tangazo libandikwe dirishani kwamba mjamzito anayekuja peke yake ahudumiwe siku hiyohiyo, na mwenza aitwe baadaye kwa simu au kwa kadi. Mwenyekiti mmoja alisema kufuta barua ni kudharau uongozi wa kitongoji. Dada akamuuliza kama ni uongozi au ni ile elfu moja. Kikao kikacheka mpaka mtendaji akagonga meza. Tangazo nimepewa mimi niliandike, kwa sababu ya mwandiko.